Si kila kinachocheza kwenye tone ni bakteria

Mwekee mtu tone la maji ya bwawa chini ya hadubini, neno la kwanza huwa lile lile: "Lo, bakteria hao!" Sio. Ukikuza mara 100, bakteria wengi huwaoni, au ni kama vumbi tu; urefu wao ni mikromita chache (mikromita 1,000 ni milimita moja). Yule anayepita mbio, umbo kama soli ya ndara, ni paramesiamu. Ana seli moja, lakini hufika mikromita 200 hadi 300.

Na yule aliyejishikiza kwenye uzi wa mwani, magurudumu mawili yakizunguka kichwani? Rotifa huyo. Magurudumu yenyewe hayazunguki. Ni vinyweleo vinavyopiga kwa zamu, jicho linadanganyika. Mtazame kwa utulivu: chini kidogo ya kichwa kuna taya zinazotafuna bila kukoma. Taya! Huyu ni mnyama kamili, mwenye utumbo na seli zipatazo 1,000, ingawa wapo rotifa wadogo kuliko paramesiamu.

Basi usikimbilie jina, pima kwanza. Kwenye hadubini nyingi za shule, duara unaloliona kwa mara 100 lina upana wa karibu milimita 2; linganisha kiumbe na upana huo. Na kile cha mviringo, ukingo mweusi mnene, kisichotikisika? Kiputo cha hewa.