Nani alipiga? Kauli ya mwanamke katika riwaya

Mswada mmoja uliofika mezani kwangu ulianza hivi: "Jana nilipigwa tena." Maneno matatu tu, kisha aya mpya. Mwandishi alikuwa ameniandikia pembeni akiomba radhi kwa kuanza kinyonge, na akauliza kama nina wazo la kuifanya sentensi hiyo iwe kali zaidi. Nilimjibu asiiguse.

Kazi yangu ni kuhariri riwaya, na miswada ya namna hii ninaipokea mingi: mwanamke anateswa na mumewe, mwishowe anajitambua. Mingi huharibika mahali palepale, na mahali penyewe si penye vipigo. Huharibika pale mwanamke anapoanza kusema.

Kiswahili kinanisaidia sana hapa. Tunasema mwanamke fulani "hana kauli" nyumbani mwake. Walimu wa sarufi nao wanalo neno hilohilo kwa umbo la kitenzi: kauli ya kutenda, ya kutendea, ya kutendwa, ya kutendana. Itazame "nilipigwa". Aliyepigwa yupo, kipigo kipo, mpigaji hayumo. Ametoka ndani ya sentensi kama mtu aliyefunga mlango polepole nyuma yake, na mwanamke amebaki na maumivu yasiyo na mwenyewe. Kwa nini niikarabati sentensi hiyo, wakati ndivyo mtu aliyetishwa anavyosema hasa? Hawezi kumtaja. Kumtaja ni kumshtaki, na kumshtaki kuna gharama anayoijua yeye peke yake. (Na tusisahau kwamba hata kabla ya mkono kunyanyuliwa, lugha ilikwisha kumweka upande wa kutendwa: mwanamume huoa, mwanamke huolewa.)

Sasa mfuate mhusika huyo kurasa arobaini mbele. "Alinipiga." Mpigaji amerudi, tena ameketi mwanzoni kabisa mwa neno. Mwanamke ni silabi moja, -ni-, iliyobanwa kati ya wakati na kitendo. Hapo hajawa shujaa, lakini jambo kubwa limetokea: kosa limepata mwenyewe. Kurasa nyingine mbele: "Nilimwona akinyanyua mkono." Sasa ni- iko mbele. Bado atapigwa, lakini safari hii yeye ndiye anayetazama, na mtazamaji ana uwezo wa kukumbuka, kupima, kusimulia. Kisha, siku moja isiyotangazwa, "nilimwambia". Alimwambia nini? Mara nyingi ni kitu kidogo mno. Kwamba amechoka. Kwamba hapana.

Sisemi hii ni ngazi ya kupanda bila kushuka. Katika mswada ule, mhusika aliyekwisha kufika kwenye "nilimwambia" alirudi sura ya kumi na mbili akasema tena "nilipigwa", baada ya miezi ya utulivu ndani ya hadithi. Hapo ndipo nilipomwamini mwandishi. Watu hurudi nyuma. Riwaya inayomkataza mhusika kurudi nyuma inamdhibiti kwa namna yake.

Kosa ninalokutana nalo zaidi ni hotuba. Mwanamke amenyamaza kurasa mia mbili. Kwenye ukurasa wa mia mbili na moja anasimama katikati ya sebule na kumtolea mumewe maneno yaliyopangika kama ya wakili mwenye uzoefu, bila kigugumizi, na haki za binadamu ndani yake. Mume anainamisha kichwa. Mimi huandika pembeni: ulimi huu ameutoa wapi? Sauti nayo ina historia yake. Kama sikuiona ikikwama, ikijikosoa na kuanza upya, siwezi kuiamini inapotiririka.

Alice Walker, mwandishi wa Marekani, alilielewa hilo katika The Color Purple, riwaya ya 1982 iliyopata tuzo ya Pulitzer mwaka uliofuata. Celie ana miaka kumi na minne, na mtu anayemdhani baba yake, ambaye ndiye anayemnajisi, amemwonya asimwambie yeyote ila Mungu. Basi anamwandikia Mungu barua. Kwenye barua ya kwanza kabisa anaanza kusema yeye ni nani kwa wakati uliopo, kisha maneno hayo yanakatwa kwa mstari, na badala yake anaeleza alivyokuwa siku zote: msichana mwema. Yaani "mimi ni" imefutwa na mwenyewe, mbele ya macho yetu. Mwandishi mwingine angetumia sura nzima kueleza mtoto aliyepoteza hakika ya kuwapo kwake. Walker alitumia mstari mmoja wa kukata.

Na Celie hamwiti mumewe kwa jina kwa sehemu kubwa ya kitabu. Anamwita Bwana, ikifuatiwa na nafasi tupu. Kwake anakuwa Albert baadaye sana, pale Celie anapokuwa na maisha yake, kazi yake ya kushona suruali na pesa zake. Jina linapoijaza ile nafasi tupu, mtu anapungua kimo na kuwa binadamu wa kawaida, mzee anayekaa naye barazani wakishona pamoja. Huwa nawashauri waandishi waangalie mhusika wao anamwitaje anayemtesa, na lini mwito huo unabadilika. Kama haubadiliki kuanzia mwanzo hadi mwisho, kuna kazi haijafanyika.

Jambo la pili katika barua hizo ni anayeandikiwa. Celie anaacha kumwandikia Mungu na kumwandikia Nettie, mdogo wake, baada ya kugundua kwamba barua za Nettie zilikuwa zikifichwa na mume kwa miaka. Kusema kunataka sikio. Zora Neale Hurston, katika riwaya yake ya 1937, Their Eyes Were Watching God, alimpa Janie rafiki mmoja, Pheoby, aketi kibarazani kumsikiliza, na kitabu kizima kikawa masimulizi ya Janie kwa rafiki huyo. Ndani yake yumo mume aliyewaambia watu hadharani kwamba mkewe hajui lolote la kuhutubia, kabla mwenyewe hajaulizwa kama anataka.

Ila Hurston alifanya jambo ambalo wahakiki wanalibishania mpaka leo. Mwishoni Janie anasimama mahakamani kujitetea, na usemi wake halisi hatuusikii. Msimulizi anatueleza kwa ufupi kwamba alisema. Wapo wanaoona mwandishi alimnyang'anya sauti pale alipoihitaji zaidi. Zamani nilikuwa upande huo. Siku hizi naelekea kuamini kwamba mahakama ile haikuwa sikio lake. Sikio lake lilikuwa Pheoby, na huyo alisikia yote. Mwanamke hawajibiki kuisema habari yake mbele ya kila anayemwita aiseme, na riwaya ina haki ya kufunga pazia.

Barua si lazima iokoe, lakini. Msomaji wa Kiswahili atamkumbuka Rosa wa Euphrase Kezilahabi katika Rosa Mistika ya 1971, anayepigwa na baba yake kwa sababu ya barua kutoka kwa mvulana. Barua ya Celie ni yake, kwa mkono wake. Ya Rosa ni maneno ya mwingine yaliyomwangukia, na adhabu ikamwangukia yeye. Nani ameshika kalamu? Swali hilo linaamua mengi.

Ndiyo maana katika riwaya nzuri za mada hii mtesaji hufika, mapema au baadaye, kwenye vyombo vya kusemea. Mwaka 1848 Mwingereza Anne Brontë alimwandika Helen katika The Tenant of Wildfell Hall: mke anayechora picha kwa siri, akinuia kuziuza ili akimbie na mwanawe. Mume anampokonya shajara, anaisoma, anagundua mpango, kisha anatupa rangi na vifaa vyake vya kuchorea motoni. Kwa sheria ya Uingereza ya wakati huo hata kipato cha mke kilikuwa mali ya mume. Sheria iliyomruhusu abaki na alichochuma ilikuja 1870. Miaka 126 baada ya Brontë, mwaka 1974, Buchi Emecheta, mzaliwa wa Nigeria, akatoa Second Class Citizen, na humo Adah, aliyekuwa ameandika mswada wake wa kwanza, anagundua kwamba mume ameuchoma moto. Emecheta hakubuni jambo hilo kutoka hewani: mswada wake mwenyewe ulichomwa na mumewe. Aliuandika upya mswada huo uliochomwa, ukachapishwa 1976.

Waandishi hawa wawili wako mbali kwa kila kitu, kwa nchi, rangi na tabaka, lakini moto ni uleule. Mtesaji hajui kuhakiki picha wala riwaya, ila anajua kunusa. Ananusa kwamba hapo kwenye karatasi kuna chumba asichokuwa na ufunguo wake.

Nikiliona hilo kwenye mswada, nafurahi, maana linatutoa kwenye ngumi. Waandishi wengi wanaijua ngumi tu. Mwanasosholojia Evan Stark, katika kitabu chake cha 2007 kuhusu udhibiti wa kimabavu, alieleza kwamba kiini cha mateso haya mara nyingi ni kumnyima mtu uhuru wake wa kila siku: pesa zinahesabiwa, simu inakaguliwa, marafiki wanapungua mmoja mmoja, nguo inachaguliwa na mwingine. Mwandishi anayelijua hili anaweza kuandika riwaya ya kutisha bila kofi hata moja. Mume anauliza tu, kwa sauti ya upole, "Ulichelewa dakika ishirini, ulikuwa wapi?" Na msomaji anasikia tumbo likimkaza.

Kuhusu mwokozi sitasema mengi. Mwanamume wa pili, mpole, mwenye macho ya huruma, anayetokea sura ya tisa na kumwambia mwanamke kwamba ana thamani. Mfute. Au mbakize, lakini asiwe yeye anayemwambia.

Kuondoka ndiko kunakonisumbua zaidi. Riwaya nyingi huishia mlangoni: begi, usiku, mtoto mgongoni, mlango unafungwa, mwisho. Wanaofanya kazi na waathirika wanajua kwamba kipindi cha kuondoka na majuma yanayofuata ndicho chenye hatari kubwa zaidi ya kuuawa, kwa sababu mtesaji ameona udhibiti unamponyoka. Kwa hiyo mwandishi anayeufanya mlango kuwa kilele cha usalama anadanganya kuhusu jambo ambalo msomaji fulani, aliyekaa kitandani na kitabu chake, huenda analipanga usiku huo. Simwambii mwandishi amtishe. Namwambia aandike maandalizi: nakala za hati zilizokabidhiwa kwa rafiki, namba iliyokaririwa kichwani, siku iliyochaguliwa kwa sababu maalumu. Kwanza hadithi inakuwa na mvuto zaidi. Mwanamke anayepanga ni mwanamke mwenye kauli ya kutenda, hata kama hajafungua mdomo.

Na baada ya mlango kuna nini? Hapa ndipo neno "thamani" linapoletwa, kwa kawaida mbele ya kioo. Mhusika anajitazama na kujiambia kwamba yeye ni wa thamani. Nimesoma kioo hicho mara nyingi kiasi kwamba nikikiona kinakuja nageuza kurasa tatu kwa mpigo. Mtu aliyeambiwa miaka kumi kwamba hana maana haponi kwa kujiambia kinyume chake. Thamani humrudia kupitia mikono, kwenye kitu anachokijua kufanya, na kupitia uchaguzi, hasa uchaguzi usio na uzito wowote.

Hili nililijifunza kwa kukosea. Miaka iliyopita nilikata tukio zima kutoka kwenye riwaya ya mtu: mwanamke, wiki chache baada ya kukimbia, anamwaga kopo la vifungo vya nguo mezani na kuvipanga kwa rangi, kisha kwa ukubwa, kisha anavichanganya tena. Kurasa mbili na nusu. Niliandika kwamba hadithi imesimama. Mwandishi alilirudisha tukio lilivyokuwa, na pembeni akaandika kwa penseli: "Ni mara ya kwanza anafanya kitu ambacho hakuna atakayemuuliza kwa nini." Sikuwa na jibu. Limechapishwa hivyo.

Yule wa "jana nilipigwa tena" amenirudishia mswada wake mwezi huu. Sentensi ya kwanza ameiacha ilivyo. Hotuba ya sebuleni, ambayo ilikuwepo, imetoka. Karibu na mwisho ameweka tukio jipya: mwanamke amehamia kwa dada yake, ni jioni, upepo umeanza, na dada anamuuliza akipita, bila hata kumtazama, "Nifunge dirisha?" Mwanamke anashindwa kujibu. Anatafuta jibu ambalo dada angependa kulisikia. Anamtazama usoni kutafuta dalili, hazioni. Halafu anagundua kwamba anauliza mwili wake mwenyewe kama unasikia baridi.

"Liache wazi," anasema.

Tukio hilo limechukua nusu ukurasa. Nimemwandikia pembeni alirefushe.