Namba 5918 Si Mwaka: Yanayosemwa Kuhusu Vibao vya Injini za Zamani

"Hiyo 59 ni mwaka ilipoundwa." Ndivyo watu wanavyoambizana mbele ya namba 5918, ile injini kubwa ya mvuke ya aina ya Garratt kwenye Makumbusho ya Reli, Nairobi. Sivyo. 59 ni daraja la injini, yaani kundi la injini za muundo mmoja, na 18 ni zamu yake katika daraja hilo. Kiwanda cha Beyer Peacock cha Manchester kiliunda 34 za aina hiyo, 5901 hadi 5934, mnamo 1955 na 1956. Kosa hili halifi kwa sababu daraja na mwaka vimekaribiana mno. Basi mtu atazame injini jirani, namba 2921. Kwa hesabu hiyohiyo ingekuwa ya 1929, kumbe ni ya miaka ya 1950.

Wengine hudhani namba ni ya kudumu. Reli za Kenya na Uganda zilipounganishwa na za Tanganyika mwaka 1948, injini zilipewa namba upya. Injini iitwayo Karamoja, iliyokuwa 87, ikawa 5711. Picha mbili zenye namba mbili zaweza kuwa za injini moja.

Isiyobadilika ni namba ya kiwanda, iliyo kwenye kibao kidogo cha muundaji. Nayo huleta mkanganyiko wake: mtu akiona tarakimu za maelfu hudhani reli yetu ilikuwa na injini maelfu. Kiwanda kilihesabu kila kilichokiunda kwa wateja wa dunia nzima. Tena mwaka wa kibao hauapi kwamba kila kipande ni cha mwaka huo, maana karakana zilihamisha boila na vipuri kutoka injini moja hadi nyingine.

5918 inaitwa Mount Gelai. Je, ilifanya kazi huko? Gelai iko kaskazini mwa Tanzania, kando ya Ziwa Natron, na reli haifiki. Daraja zima lilipewa majina ya milima ya Afrika Mashariki, lakini kazi yake kubwa ilikuwa kupandisha mizigo kutoka Mombasa hadi Nairobi.

Vipi injini isiyo na kibao cha jina? Haraka haraka tunasema kimeibwa. Wizi upo, ila Garratt za daraja la 60 zilipewa majina ya magavana wa kikoloni, na baadaye vibao hivyo viliondolewa. Binafsi naona ile nafasi tupu ubavuni inaeleza historia kuliko jina lenyewe.

Dhana inayogharimu watu fedha ni hii: kibao cha shaba kilichochakaa lazima kiwe cha asili. Uchakavu hutengenezwa kwa tindikali na udongo. Kipimo cha rula hakidanganyiki kirahisi. Anayeiga hutumia kibao halisi kama kielelezo, anakikandamiza kwenye mchanga na kumimina shaba. Shaba ya manjano ikipoa husinyaa kwa takriban asilimia 1.5, hivyo kibao cha sentimita 60 hutoka kikiwa kimepungua karibu milimita 9. Fundi wa kiwandani alilijua hilo, akachonga kielelezo cha mbao kikubwa kidogo kuliko kibao kilichotakiwa. Kabla ya kutoa pesa, pima urefu ulinganishe na kibao cha daraja hilohilo ambacho bado kiko kwenye injini. Kisha kigeuze uangalie mgongo na matundu ya skrubu.