Petro wa Caravaggio: tuanzie kwenye unyayo

Mtu akiniuliza aanzie wapi kuitazama picha ya Kusulubiwa kwa Mtakatifu Petro, humwambia aanzie chini, kwenye unyayo. Ni unyayo uliojaa uchafu, wa mwanamume aliyejikunyata chini ya msalaba akiuinua kwa mgongo, sepetu mkononi.

Caravaggio, mchoraji wa Italia, aliichora mwaka 1601, kwa rangi za mafuta, kwa ajili ya kikanisa cha pembeni katika kanisa la Santa Maria del Popolo, Roma, na hadi leo imo humo. Aliyeiagiza, Tiberio Cerasi, mweka hazina wa Papa Klementi VIII, alifariki mwaka huohuo. Kimo cha picha ni mita 2.3, hivyo watu waliomo wanakaribia ukubwa wetu sisi tunaowatazama.

Mapokeo yanasema Petro aliomba asulubiwe kichwa chini, miguu juu, kwa kuwa hakujiona anastahili kufa kama Bwana wake. Nusu karne kabla, Michelangelo, mchoraji mwingine wa Italia, alilichora tukio hilihili kule Vatikano akalizungushia umati. Caravaggio amebakiza wanne tu: mzee, na wanaume watatu wa kazi. Mmoja anavuta kamba, mwingine amekumbatia mti wa msalaba penye miguu ya Petro, wa tatu ni yule wa sepetu. Nikiwatazama sioni chuki. Naona uzito. Kwangu huo ndio ukali wa picha hii: mateso ya mtu yamegeuka kibarua cha wenzake, nao wanataka kukimaliza.

Mtaguso wa Trento, mkutano mkuu wa maaskofu Wakatoliki uliofungwa mwaka 1563, ulitaka picha za kanisani ziwafundishe waamini na kuwagusa mioyo. Wachoraji wengi wa Baroko, mtindo wa sanaa wenye mbwembwe uliovuma Ulaya karne ya 17, waliitikia kwa malaika na mawingu yanayofunguka. Hapa hakuna malaika hata mmoja. Nyuma ni giza tupu. Mwanga mwingi umemwagwa juu ya mwili wa Petro: ndevu nyeupe, ngozi ya kizee, kiganja chenye msumari. Ameinua kichwa, anatazama mahali tusipopaona. Anayeifahamu Injili ya Yohana, sura ya 21, atakumbuka Yesu alivyomwambia kwamba akizeeka atanyosha mikono yake, na mwingine atamfunga na kumpeleka asikotaka.

Mbele kabisa, pembeni chini, pamelala jiwe. Jina Petro maana yake ni mwamba, na wanaume watatu wenye nguvu zao bado hawajaweza kumsimamisha.