Mnara wa kidijitali haudumu wenyewe

Wengi huamini kwamba mnara wa kidijitali, yaani kumbukumbu ya umma iliyohifadhiwa kidijitali, haupotei tena, tofauti na jiwe linaloliwa na mvua. Sivyo. Katika bustani ya kumbukumbu ya Agosti 7 jijini Nairobi, majina ya waliouawa kwa bomu mwaka 1998 yamechongwa ukutani, na mgeni huyasoma bila umeme wala simu. Lakini kazi nyingi za mtandaoni zilizotegemea Flash, programu ya kuonyesha video na michoro ya mwendo kwenye tovuti, zilikoma kufunguka kampuni ya Adobe ilipoacha kuihudumia mwishoni mwa 2020, ingawa mafaili yenyewe hayakuharibika. Anayebuni mnara wa kidijitali, kazi ninayoiunga mkono kwa dhati kwa kuwa sauti za manusura hazichongeki, aamue mapema nani atalipia seva, nani atahamishia rekodi kwenye mifumo mipya, na nakala zitatunzwa wapi.