Usiniulize najua programu ngapi

Mwalimu akisema anasoma kozi ya mtandaoni kuhusu teknolojia darasani, swali la kwanza ni lile lile: "Sasa unajua programu ngapi?" Huulizwa na walimu wenzangu, wazazi, hata wakuu wa idara. Limenichosha. Wapo pia wa "Wewe wa Kiswahili, teknolojia ya nini?" Hao nawasamehe kwa leo.

Programu utaijua kwa jioni moja. Slaidi, projekta, hati ya pamoja: kijana wa sekondari atakuonyesha huku akikucheka. Ugumu uko kwingine, na watafiti wa elimu Mishra na Koehler waliueleza mwaka 2006: mwalimu anahitaji kujua somo, kujua kufundisha na kujua teknolojia, na hasa kujua jinsi vitatu hivyo vinavyoingiliana. Kozi nyingi hulitaja wazo hilo kwenye video ya kwanza, halafu zinaendelea na vitufe.

Chukua jaribio linalojisahihisha. Hapa nivumilie. Umeandika kwenye Google Forms: kanusha "Angekuja ningefurahi." Jibu uliloweka ni "Asingekuja nisingefurahi." Mwanafunzi anaandika "Hangekuja singefurahi", umbo linalokubalika pia, anapigwa sifuri. Ukubwa wa "Mtoto amelia" je? "Toto limelia" au "Jitoto limelia"? Fomu inakuruhusu kuorodhesha majibu yote unayoyakubali, ila itabidi uyafikirie kabla mtoto hajayaandika. Jaribu usiku mmoja uone sarufi yako ilivyo.

Wengi hukwepa kazi hiyo kwa kuweka majibu manne ya kuchagua. Alama zinapanda, grafu inapendeza, mkuu wa idara anatabasamu. Lakini kuliona "nisingefurahi" katikati ya matatu yaliyokosewa na kulichagua ni kulitambua tu. Kuliandika ndani ya insha, wazo likikimbia na saa ikienda, ni ujuzi mwingine kabisa. Karatasi ya kwanza ya Kiswahili katika KCSE, mtihani wa kumaliza sekondari hapa Kenya, ni insha, wala haina A, B, C, D. Kwa hiyo mtu akiniambia darasa lake "limeiva kidijitali" kwa sababu ya majaribio ya kubofya, naomba anionyeshe aya moja waliyoiandika.

Kifaa kilichonifaa zaidi hakina hata jina la kujivunia: kinasa sauti cha simu. Kozi niliyosoma ilitaka kila mmoja alete tatizo moja la darasani kwake, nami nikaleta matamshi ya "kula" na "kura" (nchini mwetu watu wazima pia huyachanganya, hasa mwaka wa uchaguzi). Shule yetu ni ya kutwa, kwa hiyo wanafunzi hujirekodi jioni mzazi akirudi na simu. Asiye na simu nyumbani hutumia yangu wakati wa mapumziko. Mwalimu wa Kifaransa tuliyekuwa naye kwenye kozi akaniuliza mbona mimi ndiye ninayesikiliza rekodi zote, wao wasisikilizane. Swali hilo lilinifunza kuliko video zote. Sasa husikilizana wawili wawili na kurekodi upya kabla ya kunitumia.

Wamebadilika? Masikio yangu yananiambia ndiyo. Lakini huenda si kurekodi kulikosaidia. Kipindi cha dakika 40 chenye wanafunzi 50 hakimpi kila mmoja hata dakika nzima ya kuzungumza. Pengine wangezungumza tu mara nyingi zaidi, bila simu yoyote, wangefika pale pale. Sijapata njia ya kuyatenganisha hayo mawili, na kozi haikunipa.

Cheti nimekipata, nacho kina kazi yake wakati wa TPAD, ile tathmini ya utendakazi wa walimu. Ukitafuta kozi yako, kabla ya kulipa uliza kama kuna binadamu atakayesoma kazi yako na kukujibu, na kama video zinaweza kupakuliwa, maana bando hupenda kukatika mkufunzi anapofika kwenye mfano.