Je, wajua ni nani anayeyasafisha maji ya ziwa?

Chota maji ya bwawa kwa glasi, uinue kwenye mwanga, usubiri kidogo. Utaona vidoa vinavyorukaruka: vinapanda kwa kushtuka, vinashuka polepole, vinapanda tena. Ni mwendo huo uliowapa jina la viroboto wa maji. Lakini hawaumi mtu, wala si wadudu. Ni jamaa wa kamba na kaa. Anayefahamika zaidi ni Dafnia, na hata aliye mkubwa hafiki mbali zaidi ya milimita 5 au 6. Mwili wake unapitisha mwanga, hivyo kwa lenzi utaona moyo ukidunda mgongoni, na utumbo uliojaa ukijani.

Ukijani huo ni mwani, ule mdogo mno unaoyafanya maji yawe kama supu ya mchicha. Dafnia hupiga miguu yake bila kupumzika, anavuta maji, na vinyweleo vya miguuni vinachuja chakula. Mmoja peke yake hana anachopunguza. Ila chakula kikiwepo, jike huzaa bila dume, tena watoto majike watupu, nao huanza kuzaa wakiwa na siku chache tu. Ndiyo maana maziwa mengi ya Ulaya na Amerika Kaskazini hugeuka kijani baada ya baridi kuisha, kisha maji yakatakata kwa wiki kadhaa bila mtu kugusa chochote.

Thamani yao ilionekana wazi walipopungua. Katika ziwa Mendota, jimbo la Wisconsin, Marekani, mwaka 2009 aligunduliwa mgeni: kiroboto wa maji mwenye mkia mrefu wa miiba, asili yake ng'ambo ya Atlantiki, anayewala Dafnia. Dafnia wakapungua, mwani ukatamba, na kina ambacho jicho linaweza kuona majini kikapungua kwa karibu mita nzima. Watafiti walikadiria kwamba ili kuurudisha weupe ule, fosforasi, yaani rutuba inayoulisha mwani, inayoingia ziwani kutoka mashambani na mjini ingepaswa kupunguzwa kwa asilimia 71. Kazi yote hiyo ilikuwa ikifanywa bure na kiumbe mdogo kuliko punje ya mchele!

Naye huliwa pia. Vifaranga wengi wa samaki huanza maisha kwa kula viumbe wa namna hii, na dagaa wa Ziwa Victoria nao humo humo hupata riziki.

Sasa, bwawa likikauka? Hali inapoharibika, majike huanza kuzaa madume. Wakipandana, hupatikana mayai ya aina nyingine, kwa kawaida mawili, yaliyofungwa ndani ya kifuko cheusi kigumu. Mayai hayo hulala topeni mwaka hadi mwaka, mengine kwa makumi ya miaka, yakingoja maji. Mvua ikinyesha, dimbwi lililokuwa vumbi tupu linaanza tena kurukaruka. Na bata aliyeondoka hapo na tope miguuni huenda amewahamishia bwawa la jirani.