Ufadhili wa masomo ya uhandisi ng'ambo: tazama kwanza shahada utakayorudi nayo

Tangu matokeo ya KCSE, mtihani wa kumaliza shule ya upili, yalipotangazwa, foleni katika ofisi yetu ya ushauri wa masomo hapa Kisumu haijapungua, na malalamiko yameongezeka pamoja nayo. Wapo wazazi kutoka Ahero, Muhoroni na Yala ambao walimlipa wakala "ada ya kusajili" na sasa simu zao hazipokelewi. Wapo pia vijana ambao wamekwisha kuhitimu nje, wamerudi na shahada zao, na wanashangaa kwa nini Bodi ya Wahandisi Kenya haijawasajili. Shida hizi mbili zinaonekana kuwa mbali, lakini mzizi wake ni mmoja: watu walitazama nchi na fedha, wala hawakutazama kozi.

Kwa mujibu wa Sheria ya Wahandisi ya mwaka 2011, mtu husajiliwa kwanza kama mhandisi mhitimu, na baada ya kufanya kazi kwa muda usiopungua miaka 3 ndipo huomba kusajiliwa kama mhandisi mtaalamu. Msingi wa hatua zote mbili ni shahada ambayo Bodi inaitambua. Hapo ndipo wengi hujikwaa, kwa sababu wanadhani kwamba chuo kikiwa maarufu, kila kozi yake inatosha. Sivyo. Nchini Marekani, kwa mfano, shirika la ABET huidhinisha programu moja moja wala si chuo kizima, na lina tume moja ya uhandisi na nyingine ya teknolojia ya uhandisi. Humu nchini vilevile, wanateknolojia wa uhandisi wana bodi yao iliyoundwa kwa sheria ya mwaka 2016. Si kazi duni hata kidogo, na mimi mwenyewe nimefanya kazi na wanateknolojia walionizidi ujuzi karakanani. Ila ni usajili mwingine, na aliyekusudia kuwa mhandisi hapaswi kuligundua hilo baada ya miaka 4.

Kwa hiyo, kabla ya kujaza fomu yoyote, andikia idara ya chuo unachokitaka uulize programu hiyo imeidhinishwa na chombo gani, ni ya miaka mingapi, na kama nchi hiyo imo katika Mkataba wa Washington wa mwaka 1989, ambao unahusu kutambuana kwa shahada za uhandisi. (Uko pia Mkataba wa Sydney, unaohusu wanateknolojia, usichanganye.) Majibu hayo, pamoja na muhtasari wa masomo ya kila mwaka, yawasilishwe kwa Bodi, na jibu la Bodi liwe la maandishi. Kauli kwamba "binamu yangu alisoma hukohuko na akasajiliwa" si ushahidi, na ninaomba tuache kuileta ofisini. Zingatia pia kwamba kutambuliwa kwa shahada ya nje chini ya Sheria ya Mfumo wa Kitaifa wa Sifa za Kitaaluma ya mwaka 2014 ni jambo moja, na usajili wa Bodi ni jambo jingine. Ukipata la kwanza hujapata la pili.

Kuhusu fedha, neno "kamili" limewaponza wengi. Ufadhili wa serikali ya Hungaria, unaojulikana kama Stipendium Hungaricum, hulipa karo na kutoa nafasi ya bweni au mchango wa kodi ya nyumba, na mwanafunzi wa shahada ya kwanza hupewa forinti 43,700 kwa mwezi, kiasi ambacho hakitoshi matumizi yote. Nauli ya ndege kwa kawaida haimo. Ule wa Uturuki hulipa nauli, lakini mwanafunzi hutanguliza mwaka mmoja wa kujifunza Kituruki. Japani nayo, kupitia ufadhili wa MEXT, yaani wizara yake ya elimu, huwafanyisha waombaji wa shahada ya kwanza wa fani za sayansi mtihani wa hesabu, kemia, fizikia na lugha, kisha mwaka wa kwanza ni wa Kijapani. Kuhusu Ujerumani, nitasema tena kile ninachokisema kila wiki: ufadhili wa DAAD, shirika la Ujerumani la kubadilishana wanafunzi na wasomi, kwa sehemu kubwa ni wa shahada ya uzamili na ya uzamivu, na mwenye KCSE pekee kwa kawaida haingii moja kwa moja katika shahada ya kwanza huko, hata alama yake ikiwa A.

Muda ni mfupi kuliko watu wanavyofikiri. Maombi ya Hungaria kwa kawaida hufungwa katikati ya Januari, na matokeo ya KCSE katika miaka ya karibuni yametoka wiki moja tu kabla ya hapo. Anayesubiri matokeo ndipo atafute pasipoti amechelewa. Ofisi za Uhamiaji za Kisumu, Eldoret na Nakuru hupokea maombi ya pasipoti, kwa hiyo hakuna sababu ya kusafiri hadi Nairobi kwa ajili hiyo. Majina yawe yaleyale, kwa mpangilio uleule, katika cheti cha kuzaliwa, kitambulisho, cheti cha KCSE na pasipoti. Mwaka jana tulimpokea kijana ambaye jina la babake lilikuwamo katika cheti cha shule na halikuwamo katika cheti cha kuzaliwa. Alama zake zilikuwa nzuri sana, lakini marekebisho yalipokamilika dirisha la maombi lilikuwa limefungwa. Iwapo mfadhili anataka vyeti vilivyothibitishwa, utaratibu huanzia Wizara ya Elimu, hufuata Wizara ya Mambo ya Nje, na mwisho ubalozi wa nchi husika pale unapohitajika. Mpangilio huo haugeuzwi. Mhuri wa wakili wa mtaani, au wa chifu, hauchukui nafasi ya hatua yoyote kati ya hizo.

Baadhi ya nafasi zinahitaji pia uteuzi wa serikali yetu. Mwombaji hujaza maombi katika mfumo wa nchi mfadhili, na papo hapo hupeleka maombi kwa Idara ya Serikali ya Elimu ya Juu kama tangazo linavyoagiza. Anayefanya moja na kuacha jingine huondolewa bila kusomwa. Barua kutoka kwa mwakilishi wadi haihitajiki, na haisaidii.

Sasa kuhusu mawakala. Wazee wa Nyanza wanakumbuka ndege ya mwaka 1959 iliyowabeba wanafunzi 81 kwenda Marekani kwa juhudi za Tom Mboya na wenzake, na huenda ndiyo sababu hadi leo tunasema mtoto "anapelekwa" ng'ambo, kana kwamba lazima awepo wa kumpeleka. Fadhili nilizozitaja huombwa na mwanafunzi mwenyewe, na maombi ya Hungaria na ya Uturuki hayatozwi ada. Ukiitisha harambee ili kulipia "nafasi", basi unachonunua si ufadhili. Mwaka 2023 wazazi wa Uasin Gishu waliandamana mjini Eldoret wakidai fedha walizolipa kwa ajili ya masomo ya Finland na Kanada. Suala hilo lilifika mahakamani na si nafasi yangu kulitolea hukumu, lakini familia zilikuwa zimelipa, na jambo hilo peke yake lilitosha kumfanya mtu aulize maswali mapema.

Adhabu nazo zijulikane. Chini ya Kanuni ya Adhabu, Sura ya 63, kifungu cha 313, kujipatia mali kwa ulaghai ni kosa ambalo kifungo chake hufika miaka 3. Kughushi hati kunaadhibiwa na kifungu cha 349, pia hadi miaka 3, na kuitumia hati hiyo huku ukijua kwamba imeghushiwa ni kosa la peke yake chini ya kifungu cha 353, lenye adhabu ileile ya mghushi. Nalieleza hili kwa urefu kwa sababu baadhi ya wanaokuja kulalamika kuhusu wakala huja na hati ya matokeo ambayo wakala huyohuyo "aliirekebisha" kwa idhini yao, wasijue kwamba aliyeituma hati hiyo, hata kama ni mtoto wao aliyefikisha miaka 18, anaweza kushtakiwa.

Aliyekwisha kulipa asifute ujumbe wa M-Pesa wala mazungumzo ya simu. Achapishe vyote, aandike tarehe na namba zilizotumika, na aende kituo cha polisi kilicho karibu apewe namba ya OB (kitabu cha matukio cha polisi) kabla ya kuja kwetu. Ofisi yetu haina mamlaka ya kurudisha fedha. Tunachoweza kufanya ni kumsaidia mwanafunzi kuanza upya kwa hati zake halisi, iwapo dirisha la mwaka huo bado liko wazi.